Jina Lililokosa Nafasi Ubaoni

Iko siku moja ambayo haijanitoka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka huwa nacheka kwanza, halafu naona haya. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani Rombo. Pale kijijini kwetu, juu kidogo ya mji wa Mkuu, nilisifika kwa mwandiko. Barua za wazee niliandika mimi, kadi za harusi mimi. Na sifa zile, nikwambie kweli, zilikuwa zimeanza kunilevya.

Mwaka ule wazee waliamua kuienzi njia ya porini. Porini ndiko kule chini tambarare tunakolima mahindi. Zamani kulikuwa vichaka vitupu. Vihamba, mashamba yetu ya migomba ya huku mlimani, vilipozidi kugawanywa vikawa vidogo, watu kumi na wawili walishika mapanga wakafyeka njia mpaka chini, wakalima, wakarudi kwa njia hiyo hiyo na mahindi kichwani. Watoto wa kijiji wakashiba. Wengi wa watu wale walikuwa wameshafariki, basi ikakubaliwa njia isafishwe, na pale inapoanzia, karibu na kanisa, usimamishwe ubao wenye majina yao. Kazi ya kuandika nikapewa mimi.

Niliandika herufi nene zenye mikia, na pembeni nikachora maua ya kahawa. Nilipomaliza jina la kumi na moja, ubao ukawa umejaa. Lililobaki lilikuwa la Mzee Kandidi. Ningeweza kufuta nikaanza upya, lakini maua yale, mwanangu, yalikuwa yamenikaa vizuri! Nikajisemea: huyu alihamia tu hapa, hakuacha mtoto, nani atamtafuta? Nikaosha brashi, nikaenda kula.

Jumapili ya sherehe watu walijaa baada ya misa, pombe ya mbege ikazunguka, ndizi za machalari zikapakuliwa. Watu walisifu maua, hakuna aliyehesabu majina. Mara nikashikwa mkono. Alikuwa Bibi Apolonia, mjane wa Mzee Kandidi, amevaa kitenge kipya na kitambaa cheupe kichwani. Hakujua kusoma.

"Binti," akaniambia, "nionyeshe mume wangu."

Watu wote walikuwa wanatutazama. Nikanyoosha kidole, nikagusa jina moja la katikati. "Huyu hapa, bibi."

Akalipapasa lile jina taratibu. "Kandidi," akasema, "umeona? Hawajakusahau."

Toka siku hiyo, kila asubuhi akitoka kukata majani ya ng'ombe, alitua mzigo pale ubaoni na kulisalimia lile jina. Mimi nikawa nazunguka nyuma ya kanisa nisikutane naye. Wiki mbili chakula hakikupita. Mwishoni nikamweleza mama. Hakunigombeza. Alitoka mpaka mpakani mwa kihamba, akachuma jani la sale, akanikabidhi. Kwetu ukimpelekea mtu jani hilo, umekwenda kuomba msamaha, na anajua kosa si dogo.

"Nenda mwenyewe," akasema mama.

Nilimkuta Bibi Apolonia anamenya ndizi. Nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona na sale? Umeua mtu?"

Nikamweleza yote. Akaacha kumenya, kisu mkononi. Halafu akauliza, "Sasa lile jina ninalolisalimia kila asubuhi ni la nani?"

"La Mzee Valeriani, bibi."

Kisu kilimponyoka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Valeriani! Huyo aliniposa mara tatu nikamkataa mara tatu! Nimemkataa akiwa hai, wewe umeniozesha kwake akiwa marehemu!"

Nikacheka nami, machozi yananitiririka. Alipotulia, uso wake ukabadilika.

"Sasa nisikilize. Ungekuwa umesahau, ningekusamehe hata bila sale. Wewe ulimwacha kwa kuwa uliona hana mtu wa kumuulizia. Kandidi ndiye aliyekuwa anatangulia mbele na panga, maana wenzake waliogopa nyoka. Halafu ulijua sijui kusoma, ukajificha humo humo kwenye kutojua kwangu. Hilo ndilo lililoniuma."

Akalipokea jani, lakini kwa masharti mawili: nikayaseme mwenyewe mbele ya kamati ya wazee walionipa kazi, na nimfundishe kusoma.

Kamati ilinisema, nami nilistahili. Nikaupiga ubao randa kwa mikono yangu, mabega yakaniuma siku tatu, nikaandika upya kwa herufi ndogo, majina kumi na mawili, bila ua hata moja. Bibi Apolonia naye alijifunza huku akinitania kwamba kalamu ni nzito kuliko jembe. Siku aliposimama mbele ya watu akasoma, "Ka-ndi-di," vigelegele vilisikika mpaka sokoni. Kisha akaendelea kusoma, akafika kwa Valeriani, akamtolea ulimi. Hata padri alicheka.

Mwaka huu nimewaona ninyi vijana mnaisafisha tena njia ile, mnapima kwa simu zenu, mnaandaa mawe ya kuchonga majina. Mmenifurahisha sana. Basi nisikilize, mwanangu. Kabla hujachonga, pita nyumba kwa nyumba uulize nani alipita hapo. Anza na yule asiye na mtoto, aliyehamia, ambaye ukoo wake haukai kwenye vikao. Wenye watu wengi watasemewa tu. Kazi yako ikipendeza macho yako kupita kiasi, ikague tena, huenda kuna mtu umemfunika. Na ukikosea, usimwonyeshe mtu jina lisilo lake ili upone aibu ya dakika moja. Nenda kaseme. Utasemwa, utacheka, na chakula kitapita.

Mungu aliyewashika mkono wale waliofyeka njia awashike na ninyi. Mashamba yenu ya porini yapate mvua kwa wakati, miguu yenu isipatwe na nyoka wala miiba, na nyumba zenu zisikose mtu wa kuwaambia ukweli kwa upendo. Amina.