Karanga za Gairo

Kila nikipita Gairo kikazi nanunua karanga mbichi, nikijiambia kwamba safari hii zitapikwa na majani ya maboga, kama alivyokuwa akipika mama kule mlimani Uluguru. Alizitwanga alfajiri kabla ya kwenda shamba, na mchana tulikula huko huko, tumekalia mipini ya majembe. Alipofariki niliomba kinu chake tu.

Kazi yangu ni ya barabarani, leo Dakawa, kesho Gairo. Mchana nakula chipsi mayai huku simu iko sikioni. Wataalamu wanatushauri tupike Jumapili, tufungashe, tuweke kwenye friji. Sawa, nimewasikia. Waniambie basi, harufu ya karanga zikichemka naifungashaje?

Jana nilizitafuna mbichi njiani, zikaisha kabla sijafika Morogoro. Nyumbani mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Binti yangu mdogo alikuwa ameuzuia kwa kile kinu, upepo usiubamize.

“Shikamoo baba,” alisema. “Kitu kama hiki kinauzwa wapi? Mlango wa sebuleni nao unatusumbua.”