Picha ya Paka Aliyevaa Gauni

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Sista Mkuu wa zahanati moja ya misheni huku Karagwe alinipa kanuni moja tu: "Wewe ni mdomo wangu. Usiongeze, usipunguze." Yeye alisema Kiswahili, wagonjwa walisema Kinyambo, nami nikakaa katikati. Ninyi vijana mnadhani ukalimani ni kujua lugha mbili. Thubutu.

Asubuhi hiyohiyo alikuja mama mmoja wa wafugaji kutoka upande wa Rugera. Mtoto wake alihema kwa shida, mbavu zinabonyea. Nimonia. Sista akataka kumlaza na kumchoma sindano. Lakini mama alikuwa ameona ukutani picha za kwao Sista, zilizobandikwa kuwachangamsha watoto: mbwa kavaa kofia na miwani, paka kavaa gauni la mtoto mchanga, kalazwa kitandani, kafunikwa hadi kidevuni. Akamkumbatia mwanawe, akainuka.

"Hapa watoto wanageuzwa nini?" akaniuliza.

Nikacheka, mjinga mimi. "Mama, ni mchezo tu wa Wazungu."

"Mchezo, na nguo ya mtoto?" Akaelekea mlangoni. Mtoto yule asingefika nyumbani akiwa hai.

Nikamweleza Sista. Akaitazama picha ya paka, akasema polepole: "Mwambie kwamba picha hii aliipiga mama yangu. Gauni lilikuwa la mdogo wangu aliyefariki. Mama hakula wala kusema na mtu, mpaka siku alipomvika paka wetu."

Hapo nikavunja kanuni. Nikamwambia yule mama: "Ng'ombe wenu akifiwa na ndama, si mnamwekea ngozi ya ndama wake ainuse, ndipo maziwa yashuke, akubali kukamuliwa? Mama yake Sista alifiwa. Gauni hilo ndiyo ngozi."

Akasimama. Akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akamtazama Sista usoni.

"Muulize, maziwa yalishuka?"

Nilimweleza Sista yote, pamoja na nilichoongeza. Hakunikaripia. Alifuta macho, yeye mwenyewe akamwitikia yule mama kwa kichwa: ndiyo.

Mtoto alipona. Mimi baadaye nilitumikia Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na mahakimu wawili, wakanisifu ulimi hadi nilipostaafu. Lakini kinachonishangaza mpaka leo ni dakika iliyofuata pale mlangoni: wanawake wawili wamemshika mtoto mmoja, kila mmoja anaongea lugha yake, na hakuna aliyegeuka kunitazama.