Sabuni Iliyooza Vizuri

Kazi yangu hapa Kitale ni kulisha vijidudu. Nikiulizwa kanisani husema napima maji, na watu huridhika, lakini ukweli ni huo. Huchukua chupa za kioo zenye maji yaliyojaa hewa, nikatia tone kutoka kwenye mabwawa ya majitaka, ambamo vijidudu wamo tele, kisha nikatia chembe ya kemikali ninayoichunguza. Hufunga vizibo bila kuacha hata kiputo, nikazificha chupa kabatini, gizani. Vijidudu wakiila ile kemikali, hupumua, na wakipumua, hewa iliyomo majini hupungua. Basi mimi hupima hewa. Ikipungua sana na mapema, najua kitu hicho kikiingia mtoni hakitakaa. Ikibaki vilevile kwa wiki nne, hicho ni mgeni asiyejua kuaga.

Naipenda kazi hii. Ni ya polepole, haina makelele, na mwenye pupa haiwezi.

Mama mkwe wangu anaishi karibu na Sirisia. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili wa shule ya msingi, mama aliyenyooka kama rula, na tangu astaafu anakoroga sabuni ya maji kwenye pipa la plastiki na kuiuza sokoni. Wanunuzi wake wengi hufulia kwenye kijito kilicho chini ya chemchemi. Msimu mmoja wa kiangazi kamati ya chemchemi iliona povu likishuka hadi mahali ng'ombe wanaponywea, ikamwita. Alete ushahidi kwamba sabuni yake haikai majini, la sivyo itapigwa marufuku kijitoni. Bila kijito hana mnunuzi. Mke wangu aliniambia kwamba sabuni hiyo ndiyo iliyomrudishia mama yake uchangamfu baada ya kuacha chaki, na aliponiambia hivyo machozi yalimlengalenga. Nikaogopa. Nilimweleza mkubwa wangu kazini kwamba mwenye sabuni ni mkwe, naye akakubali niipime mradi asome vipimo pamoja nami.

Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mke hawapeani mikono wala hawali meza moja. Heshima ni kukaa mbali. Kila neno kati yangu na mama hupitia kwa mke wangu, na kwa miaka yote hiyo utaratibu huo ulitufaa sana.

Wiki mbili zilipopita hewa ilikuwa imeshuka vizuri kwenye chupa za sabuni. Nilifurahi, nikafika nyumbani na kusema kabla ya kuvua koti, "Mpigie mama. Mwambie sabuni yake imeoza vizuri sana."

Maabarani kwetu hiyo ni sifa. Mke wangu alilipeleka neno kama nilivyolitoa. Simu ilikatwa upande wa Sirisia.

"Si ungesema tu imepita?" mke wangu aliniuliza.

"Bado haijapita. Imeanza kuoza."

"Bana, acha hilo neno."

Siku chache baadaye jerikeni la sabuni mpya likaletwa Kitale na gari la mizigo, limefungwa kamba mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ujumbe uliandamana nalo kwa simu: mkwe aambiwe kwamba hii haitaoza hata akiiweka hadi Krismasi, na kuanzia sasa pipa zima litakorogwa hivyo. Nilipofungua kifuniko, dawa ya kuhifadhi ilinichoma pua. Mama alikuwa amemimina nyingi mno, ili kusafisha jina lake. Niliipima hiyo nayo, kwenye chupa nyingine. Hewa haikupungua hata kidogo, hata katika chupa niliyowaongezea vijidudu chakula wanachokila kwa urahisi. Walikuwa wamekufa. Kama sabuni hiyo ingeingia kijitoni, kamati ingekuwa na haki ya kuikataa, na neno langu ndilo lingekuwa limemponza.

Tulienda Sirisia Jumamosi. Niliketi uani, nikaupa mgongo mlango wa jikoni. Mama alikuwa ndani, na mke wangu alisimama kizingitini kati yetu.

"Mwambie mama," nikaanza, "sabuni ikiwa kwenye jerikeni isioze. Lakini ikishafika kijitoni, ioze upesi."

"Mama, anasema ati..."

"Nimesikia. Muulize kwa nini hakusema imeyeyuka."

"Kuyeyuka si kuisha, mama," nilijibu mwenyewe, nikajishangaa. "Chumvi huyeyuka kwenye mchuzi na bado unaionja. Hii imeliwa ikaisha."

"Muulize imeliwa na nani."

"Vijidudu. Hawaonekani, lakini wamo kijitoni. Ile sabuni ya jerikeni iliwaua."

Kisha kutoka jikoni kukaja kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. "Miaka yote niliwapa darasa la saba neno hilo," mama alisema, "watunge sentensi mbili: embe limeoza, baba amemwoza binti. Sikujua kuna watu wanalitumia kusifu."

Wiki nne zilipotimia, sabuni ya kwanza ilikuwa imepita, na mkubwa wangu akatia sahihi. Niliisomea kamati matokeo, mbele ya chemchemi, nikasisitiza kwamba ni ile ya mchanganyiko wa zamani.

"Kwa hivyo hiyo wadudu ilikura sabuni yote?" mwenyekiti aliuliza. Kwa ulimi wa nyumbani, nusura ionekane wadudu walipiga kura.

"Karibu yote, mzee."

"Basi ziendelee kukura," akasema, na watu wakacheka. Sabuni ikaruhusiwa, mradi mama asiubadilishe mchanganyiko.

Jerikeni lile la dawa nyingi bado liko stoo kwangu, zima kabisa.

Mwenyekiti alimuuliza mama kama ana la kusema. Alisimama upande wa pili wa watu, mbali nami kama ilivyo desturi, akatazama maji. Hajawahi kunitaja hadharani tangu nimuoe bintiye.

"Mimi nilimwoza binti kwake," alisema. "Yeye ameniozeshea sabuni. Hatudaiani."