Zero za Mbalamwezi

Anastasie, mkubwa wa ofisi ya ushirika wa wavuvi Rumonge, amezoea msonyo wa fundi wake wa kompyuta. Kwa vidole viwili, fundi anaandika upya kila amri ya mfumo wa zamani kwa lugha ya mfumo mpya, akiinong'oneza kwanza, na isipomridhisha, anasonya. Leo amegoma. Mfumo mpya unakataa nafasi tupu za usiku wa mbalamwezi kwenye rekodi za kila mvuvi, wakati samaki wadogo wa ndagala hawafuati taa na mitumbwi inalala ufukweni.

"Weka zero, tumalize," anasema Anastasie.

Fundi anasonya. "Zero ni mutu alienda akakosa. Zero zikizidi, ushirika inamufukuza. Hawa hawakuenda!"

"Nimesema weka."

Fundi anamsukumia kibodi, kisha anakalia mikono yake yote miwili.

"Basi, Mama, anza na zero za bwana yako."