Siku Sonmati Alipofanywa Bubu

Sonmati Devi alizaliwa ng'ambo ya mto, jimbo la Bihar, akaolewa upande wa pili, Deoria, jimbo jingine. Mto uligawa serikali tu; Kibhojpuri kilikuwa kilekile kingo zote mbili. Siku ya sensa karani alimwandika kuwa anasema Kihindi, wala hakumuuliza. Sonmati hakujali. Kilichomkosesha usingizi ni bintiye Ragini, miaka ishirini na tisa, hajaposwa.

Ragini alikuwa mwalimu. Darasani mwake, mtoto akisema Kibhojpuri alipigishwa magoti mlangoni. Nyumbani alimkemea mamake hata akiwaita mbuzi.

Asubuhi ya kuja wageni kutoka jiji la Lucknow kumtazama kwa posa, alimfuata mamake jikoni.

"Mama, leo usifungue mdomo."

"Hata kuwakaribisha?"

"Hata. Neno moja tu, watatuona washamba. Baba atasema homa ilikuchukua sauti."

Sonmati akacheka. Ragini hakucheka.

"Haya, mwanangu. Uolewe tu. Kumeza nimezoea."

Bwana mposaji alikuja na mamake, Bi Kusumlata, na mama mdogo. Ragini alileta chai na sambusa, akajibu kila swali kwa Kihindi safi. Bi Kusumlata alitabasamu, mpaka baba aliposimulia ile homa.

Baba na Ragini walipompeleka mposaji kuona bustani, Sonmati akabaki na wale wanawake wawili, Bi Kusumlata alimgeukia nduguye. Akasema Kibhojpuri cha mtoni, kama shangazi zake Sonmati.

"Homa gani? Hawa wana ububu kwenye damu! Nikalee wajukuu wa kuonyeshana vidole?"

"Shii, dada, atasikia."

"Bubu atasikia nini? Mtazame anavyokodoa, kama nyati aliyeona treni. Twende zetu."

Sonmati aliona posa ikitoka mlangoni. Akamshika Bi Kusumlata mkono.

"Dada yangu, mimi si bubu," akasema kwa lugha hiyohiyo. "Mtoto aliona haya ya kauli yangu, basi. Wewe si mwenzangu? Usimwache."

Bi Kusumlata akautoa mkono wake, akajibu kwa Kihindi cha redioni:

"Unasemaje, mama? Lugha ya vijijini mimi siijui."

Akamwita mwanawe, akatangaza kwamba mama huyu anasema, wakaondoka. Chai ilikuwa bado ina mvuke.

Ragini alirudi mbio. "Umesema!"

"Yeye ndiye aliyeanza, mwanangu. Kibhojpuri kabisa, anakisema kuliko mimi."

"Yule? Mtu wa Lucknow? Huoni hata aibu kumsingizia!"

Mume wa Sonmati alisikia yote. Akainama, akaanza kukusanya vikombe.

Baada ya miezi minne walipatikana wageni wengine. Safari hii baba aliwaambia mapema kwamba mama wa binti alifariki. Sonmati aliamka alfajiri, akawapikia wali, dengu na maziwa ya sukari, akavionja chumvi na utamu. Kabla hawajafika alivuka mto kwenda kwa kaka yake.

Posa ilikubaliwa.