Saa ya Bibi Isiyokuwa na Nambari

Siku yenyewe nnaikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nkiikumbuka uso unanishuka. Nna miaka sitini na kitu, nimezika watu na nimeoza watoto, lakini khabari hii sijapata kumsimulia mtu, hata marehemu babu yako. Leo umenifungulia mlango mwenyewe. Umeniletea kwenye simu picha za saa tatu za kike, unaniuliza umnunulie mama yako ipi kwa mshahara wako wa kwanza. Ntakujibu, lakini kwanza nisikilize.

Mie nililelewa na bibi yangu, Bibi Salma, mama yake mama. Mama alikufa nkiwa bado nnanyonya, kwa hivyo mama wa kumjua alikuwa yeye. Tulipotoka Unguja kuja huku nchi ya Waarabu tulikaa Sib, kwa mjomba wangu na mkewe. Nilipomaliza skuli nikapata kazi Wattaya, kwenye duka moja la magari, kazi ya kuandika barua na kupokea wageni. Basi kutwa nnatazama magari yanayong'aa na watu waliovaa vya kung'aa, na akili ya msichana unaijua ilivyo.

Ada yetu waijua. Mshahara wa kwanza hauliwi mpaka aliyekulea umempelekea kitu akakuombea dua. Nikamuuliza bibi anataka nini. Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza kapasuliwa jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa na ukungu wa miaka mingi. Daktari kampa dawa ya matone, tone moja kila baada ya saa mbili, na kamsisitizia asipitishe wakati hata siku moja. Sote mchana tuko makazini, yeye yuko peke yake nyumbani.

"Ninunulie saa ya mkono, mwanangu," akanambia. "Iwe na nambari kubwa nyeusi nizione. Toka adhuhuri nnakwenda na adhana. Lakini asubuhi yote ile, baada ya alfajiri, hakuna anayeniadhinia."

Tukacheka. Nikaenda sokoni Sib kwa mzee mmoja wa Kihindi, fundi wa saa. Akanitolea saa ya chuma cha pua, uso mweupe, nambari nyeusi, mishale minene, na mgongo uliofungwa sawasawa maji yasiingie. Bei yake ilinitosha na nauli ingebaki. Nikaigeuzageuza, nikaiona kama saa ya mwalimu wa kiume. Yule mzee akaniona nilivyokunja uso.

"Binti, nani ataivaa?" akaniuliza.

Niliona kaniingilia mambo yangu, nikaiweka juu ya meza nikatoka. Kiburi hicho!

Maana moyoni nlikuwa namfikiria Bi Thuraya. Huyu alikuwa jamaa yetu, mke wa binamu yake babu yangu, watu waliokuwa huku zamani kabla yetu. Mkononi bangili mpaka kwenye kiwiko, na kila akija kututazama macho yake yanazunguka nyumba nzima. Sie tuliotoka Unguja tulikuwa na donda hilo, mwanangu, tusije tukaonekana tumekuja mikono mitupu. Nikataka akija aione saa mkononi mwa bibi anyamaze.

Pale kazini palikuwa na mwanamke akiuza vitu kwenye mkoba wake, manukato, mikufu, saa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mie methali hii naijua tangu utotoni. Akanionesha saa ya rangi ya dhahabu, nyembamba, imeandikwa jina kubwa ambalo dukani Wallahi nisingeweza hata kuuliza bei yake. Haina nambari hata moja, vijiwe tu vinametameta, na mishale ya dhahabu juu ya uso wa dhahabu. Haina dhamana, haina sanduku. Nikaichukua, na mshahara ukaishia pale.

Nilipomvisha, bibi aliileta karibu na uso akaizungusha kwenye mwangaza. Akakipapasa kioo kwa kidole. Kisha akanishika kichwa akaniombea dua ndefu, akanibusu kipaji. Mie nikaona amefurahi kwelikweli.

Toka siku ile kila nkiingia nyumbani ananiuliza, "Saa ngapi sasa, mwanangu?" Asubuhi kabla sijatoka, "Saa ngapi?" Anamuuliza mke wa mjomba, anamuuliza muuza samaki wa mlangoni. Ikaanza kunikera.

Ijumaa moja wakaja Bi Thuraya na binti zake kula mchana. Sinia ya wali iko katikati, wanawake wote tumeizunguka, na mie nimemkalisha bibi makusudi mkono wa saa uwe upande wa wageni. Bibi akainama, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Saa ngapi, mwanangu? Dawa yangu."

Nami nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Bibi nawe! Si saa hiyo umeivaa mkononi? Au nimekununulia pambo?"

Wakacheka. Bibi akacheka nao, akaushusha mkono wa kanzu ukaifunika saa. "Uzee huo," akasema. Bi Thuraya peke yake hakucheka. Alimtazama bibi, akanitazama mie, akarudi kwenye chakula chake.

Baada ya siku ile bibi hakuniuliza saa tena. Nami, mwanangu, nilifurahi. Nilidhani amejirekebisha.

Haukupita mwezi jicho lile lililopasuliwa likavimba, likawa jekundu kama nyanya. Mjomba akatupeleka hospitali. Daktari akauliza kama dawa inatiwa kwa wakati wake, bibi akasema, "Nnasahau tu, daktari, kosa langu." Yule daktari alikuwa mpole. Akamwambia, "Hebu tazama saa yako, bibi, unambie saa ngapi sasa."

Bibi akainua mkono, akaisogeza saa mpaka puani, akaigeuza huku na huku. "Saa tano," akasema, anabahatisha. Ilikuwa saa nane kasoro.

Daktari akamshika mkono akaiangalia. Ndani ya kioo mlikuwa na ukungu wa maji ya udhu, na mishale imesimama. "Saa hii haiendi," akasema. "Nani kakupa?"

"Mjukuu wangu," bibi akamjibu, na uso wake ukakunjuka. "Mshahara wake wa kwanza. Nzuri, ee?"

Yarabi! Ilisimama lini? Sijui mpaka leo, maana hata mie niliyeinunua sikupata kuitazama. Nilikuwa nawatazama wanaoitazama.

Jicho lile halikurudi. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Macho yaliyokufa yalikuwa ya bibi, na moyo uliokufa ulikuwa wangu. Tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini hakunambia. Akasema, "Ulifurahi mno siku ile, mwanangu." Basi. Ukubwa jaa, mtu mzima anatupiwa kila kitu naye anapokea.

Nilikopa kwa mjomba nikarudi kwa yule fundi, nikachukua ile ya uso mweupe. Bibi aliivaa mkono wa kulia, akaisoma kwa jicho lililobaki mpaka alipokufa. Lakini ile mbovu ya dhahabu hakukubali kuivua mkono wa kushoto. Wageni wakimcheka kwa saa mbili, anasema, "Moja ni ya kutazama na moja ni ya mjukuu wangu." Nami najiinamia natandika mikeka, nisionekane uso.

Sasa nakujibu. Hiyo ya kwanza, ya vijiwe, iache. Hiyo ya pili ni nzuri, lakini ukiinunua mwezi mzima utakula kwa watu, na zawadi ya namna hiyo mama yako hataifurahia akijua. Chukua ya tatu, ile ya bei ndogo. Nenda dukani kwa miguu yako, usinunue kwenye mkoba wa mtu. Uliza kama ni chuma cha pua, kama inastahamili maji ya udhu, kama betri na mkanda wake vinapatikana hapahapa, na dhamana upewe kwa maandishi. Kisha inyoshe mbali kwa urefu wa mkono uisome. Au bora umchukue mama mwenyewe aisome yeye, maana macho yako si yake.

Mwenyezi Mungu akubarikie riziki yako, akupe radhi za mama yako angali hai, na asikuonjeshe majuto niliyoyaonja mie. Na siku moja akikuuliza saa ngapi, na saa anayo mkononi, usimuulize kwa nini. Mwambie saa ngapi, mwanangu. Mwambie tu.