Siku Niliyosema Nilikuwa Natania

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha mabomba ya maji, upande wa Unyambwa. Tuliyeyusha plastiki kuukuu, madumu na ndoo zilizovunjika, tukaisukuma kwa skrubu kubwa ndani ya silinda ya moto mpaka itoke mbele ikiwa bomba. Kabla ya kutoka ilipita kwenye chujio la waya, maana plastiki ya kuokota haikosi mchanga. Chujio likiziba, presha inapanda nyuma yake. Hapo ndipo kilipofungwa kipima presha, chuma chembamba kama kidole. Ncha yake iligusa uji wa plastiki, na waya wake ulikwenda kwenye kisanduku chenye namba. Ukitaka kubadilisha chujio unazima skrubu, unasoma namba, na hufungui boliti hata moja mpaka ishuke karibu na sifuri.

Mwenzangu kwenye mashine alikuwa Msukuma, mimi Mnyiramba, kwa hiyo tulikuwa watani.

"Mtumwa wangu, umeamka?" alikuwa akinisalimu. "Nilidhani mlenda umekugandisha kitandani."

"Simama mbali na moto," namjibu. "Hiyo michembe ya viazi uliyokula ikilipuka tutaungua wote."

Kiwanda kizima kilitusikia kila siku. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu mtani hakasiriki.

Siku moja umeme ulikatika, nikaona nitumie nafasi hiyo kusafisha kipima presha. Kilitakiwa kutolewa plastiki ikiwa bado ya moto. Mimi nilikifungua kwa spana imekwisha kuganda, nikasikia kitu kinachanika. Utando mwembamba wa chuma kwenye ncha ulibaki ndani. Kifaa chenyewe kiliagizwa mbali, na mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu kwamba nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne. Nikakirudisha, nikakikaza, nikanyamaza. Tangu hapo namba zilikaa chini tu, mashine iwake au izimwe. Nikajiambia kwamba mashine naijua kwa mlio wake.

Wiki iliyofuata chujio likaziba. Nilizima skrubu, mlio ukalegea. Mtani wangu alishika spana, lakini aliniuliza kwanza mimi niliyekuwa kwenye kisanduku.

"Presha imeshuka?"

"Imeshuka. Fungua."

"Una hakika? Hapa sitaki mizaha."

"Fungua bwana, tunachelewa."

Boliti ya tatu ilipolegea, uji uliruka ukamfunika mkono wa kulia, kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko. Plastiki ya moto haichuruziki kama maji, inang'ang'ania. Tuliutumbukiza mkono kwenye pipa la maji, na kila aliyetaka kuivuta nilimzuia, kwa kuwa ingetoka na ngozi. Baadaye nilisifiwa kwa hilo.

Mtani wangu alipotoka hospitali, msimamizi alituita mbele ya wenzetu wa zamu.

"Nani alikuambia ufungue?"

"Huyu," alisema mtani wangu, akininyooshea mkono uliofungwa bandeji.

Sikuwa nimepanga kusema uongo. Niliyaona macho yote yamenigeukia, nikacheka kidogo.

"Nilimtania tu. Huyu si mtani wangu? Nilidhani anajua."

Mmoja wa wenzetu naye akacheka, akaacha. Msimamizi alisema mtu anayefungua chujio kwa maneno ya utani hafai kukaa kwenye mashine. Nikaongeza kwamba kipima presha kiliharibika siku hiyohiyo ya ajali. Mtani wangu aliniangalia. Na angesema nini? Wote walikuwa wametusikia tukitaniana kila asubuhi.

Aliachishwa kazi, akarudi kulima Mtinko, alikooa. Mimi niliendelea na mashine mpaka nikazeeka. Sikuwahi kwenda kumwona.

Mwaka jana mke wangu alifariki. Siku ya mazishi watani walifanya yao: walishika majembe, wakasema kaburi halichimbwi mpaka wapewe kuku, watu wakacheka katikati ya machozi. Mtani wangu wa kiwandani naye alikuja. Aliketi kwenye benchi la nyuma, akala kwa mkono wa kushoto, vidole vya kulia vikiwa vimeshikamana. Hakunitania hata neno moja. Alipoaga nilimfuata mpaka barabarani.

"Mtani, mbona umekaa kimya namna hii?"

"Nikikutania, utajuaje kama natania?"

Nilishindwa kumtazama. Nikasema, "Siku ile sikukutania. Nilikuambia ufungue."

"Najua. Nilikuwepo," alisema. "Kawaambie wale ambao hawajui."

Msimamizi wetu wa zamani bado anaishi Utemini. Nilikwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza nilikunywa chai, nikazungumzia mvua na bei ya alizeti, nikaaga. Mara ya pili nilifika getini, nikasikia ana wageni, nikarudi nyumbani. Mtu wa umri wangu, ambaye watoto wa mtaa mzima wanamwamkia shikamoo, anakimbia geti.

Kwa hiyo naandika, maana kalamu haina macho ya kunitazama. Kipima presha nilikivunja mimi, nikaficha. Nilimwambia afungue, na sikuwa natania. Karatasi hii nitampelekea msimamizi aisome mbele yangu, nikiwa nimekaa.